Choroko za Dirishani

Jumapili ile, saa nane mchana, midoli thelathini ilikuwa imelala chali juu ya meza ya kulia chakula kwa sababu haikuwa na makalio. Vichwa ilikuwa navyo. Nywele za uzi zilikuwa zimesukwa, na vifungo vya macho vilishonwa imara kiasi kwamba mtoto angevitafuna wiki nzima visitoke. Vilivyobaki ni vifuko thelathini vya kitambaa kigumu, vya kujazwa choroko na kushonewa chini ya kila mdoli, na hapo ndipo mdoli ungeweza kukaa. Midoli ya madukani ukiipumulia inaanguka. Ya Mama Midoli ukiiweka mahali inakaa, mgongo wima, inakuangalia mpaka unaona haya.

Mtaa mzima ulimwita Mama Midoli, hata wale wasiojua kama ana mume. Mume alikuwa naye. Alikuwa karani wa mizani ya malori, mtu wa kupima mizigo ya wenzake kutwa nzima, na nyumbani wote walimwita Karani, mkewe zaidi anapokuwa amekasirika. Siku hiyo alikuwa amekasirika tangu asubuhi, maana midoli ilitakiwa dukani kesho yake, uzi mweupe ulikuwa umekwisha, na wifi yake alikuwa anakuja kula chakula cha jioni bila kualikwa.

"Karani, nisikilize."

"Nakusikiliza." Macho yake yalikuwa kwenye televisheni. Timu yake ilikuwa inafungwa.

"Niangalie basi. Nakwenda kununua uzi, halafu nipitie kumpokea dada yako kituoni. Wewe kazi yako ni moja. Hivi vifuko vyote, kikombe kimoja kidogo cha kahawa cha choroko kila kifuko, usizidishe usipunguze. Choroko za sufuria lililopo dirishani jikoni. Za dirishani. Umesikia?"

"Za dirishani. Nimesikia, mama. Mimi si mtoto."

"Hizi zilizo kwenye bakuli hapa mezani ni za chakula. Nimeshazichagua mawe. Usiziguse."

"Nenda, duka litafungwa."

Akaenda, na moyo wake haukutulia hata kidogo, na moyo wake ulikuwa na haki.

Choroko za dirishani zilikuwa zimekaangwa. Mama Midoli alizikaanga mwenyewe asubuhi, moto mdogo, bila mafuta, akizigeuza kwa mwiko mpaka zikauke hadi moyoni bila kuungua. Mkono wake katika kazi hiyo ulikuwa mzuri hivi kwamba kwa macho usingezitofautisha na mbichi, labda kwa pua. Mdoli wake wa kwanza kabisa aliujaza choroko mbichi, ukatumbukia kwenye beseni la vyombo, na siku ya tatu ukaota. Tangu hapo hakuna punje iliyoingia kwenye mdoli wake bila kupita motoni. Karani hakuijua habari hiyo kwa sababu hakuwahi kuuliza. Kwake yeye ule mkaango wa kila mara ulikuwa moja ya mambo ya mkewe, kama kukataa kukata nyuzi kwa mkasi wa karatasi.

Mwamuzi alipopuliza mapumziko, Karani akavuta kiti mezani. Bakuli lilikuwa mbele yake, kikombe kilikuwa ndani ya bakuli. Akajaza kifuko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kazi ilikuwa tamu. Alijaza kama anavyopima malori, kwa makini, akisawazisha kikombe kwa kidole, na kipindi cha pili kilipoanza alikuwa amebakiza vifuko kumi. Vilipokwisha, bakuli nalo lilikuwa tupu. Akaenda jikoni kunywa maji, na pale dirishani akakuta sufuria limejaa, halijaguswa.

Neno "dirishani" likamrudia masikioni kwa sauti ya mkewe.

Alisimama pale na bilauri mkononi. Kumwaga vifuko thelathini na kuvijaza upya kungemla nusu saa, na timu yake ilikuwa imesawazisha. Halafu, alijiambia, choroko ni choroko. Akalichukua sufuria la dirishani, akazimimina choroko zake kwenye sufuria la kupikia, akatia maji, akawasha jiko. Mkewe alipoingia na wifi yake na uzi wake, alikuta vifuko vimejazwa na chakula kiko motoni.

"Umebandika na chakula?" Aliuliza kwa mshangao wa kweli. Katika miaka kumi na sita hakuwahi kuliona jambo hilo.

"Nilisema mimi si mtoto," akasema Karani.

*

Binti yao wa darasa la saba alishona vinywa vya vifuko, mama akashonea vifuko kwenye midoli. Mmoja baada ya mwingine midoli ikakaa. Ilipofika jioni ilikuwa imepangwa juu ya kabati, thelathini, migongo wima, na Mama Midoli akasimama kuitazama akiwa na sindano mdomoni. Alifurahi. Mwenye duka la vitu vya watoto alikuwa amempa rafu nzima karibu na dirisha la barabarani, rafu yake peke yake, na alikuwa amesema ikienda vizuri itakuwa ya kudumu. Miaka saba alikuwa ameuza mdoli mmoja mmoja kwa majirani, tena majirani wa kuomba wapunguziwe. Rafu ilikuwa kitu kingine.

Choroko hazikuiva. Saa kumi na mbili zilikuwa hazijaiva, saa moja zilikuwa hazijaiva. Aliongeza maji, akaongeza moto, akafunika, akafunua.

"Mbona zina harufu ya kukaangwa?" aliuliza.

"Sufuria lako hilo," Karani akasema kutoka sebuleni. "Halijasuguliwa vizuri."

Mkewe naye akalilaumu sufuria. Mwishowe wakala hivyohivyo, wali laini na choroko za kutafuna. Dada yake Karani aliweka kijiko cha kwanza kinywani, akatafuna, akasimama, akatafuna tena. Alikuwa mwanamke mkubwa wa sauti na wa mwili, mwenye jiko la kupikia wafanyakazi wa kiwanda, watu mia mbili kila mchana, na alijua chakula.

"Wifi," akasema, "hizi umezipika au umezitisha tu?"

Binti akacheka, akakanyagwa mguu chini ya meza.

"Sijui zimekuwaje leo, wifi. Zimekataa."

"Choroko hazikatai. Zinaachwa. Mtu akili iko kwenye midoli, chakula kitaivaje?" Akamgeukia mdogo wake. "Hujamwambia?"

Karani akawa anatafuta kitu ndani ya sahani.

"Kuniambia nini?" Mama Midoli akauliza.

"Tumekubaliana na mumeo. Hii rafu yako tunaipa mpaka mwisho wa mwezi. Ikishika, sawa, kila la heri. Isiposhika, unakuja kwangu jikoni. Nahitaji mtu wa kuaminika, anaanza saa kumi na moja alfajiri, anatoka saa kumi na mbili jioni. Kuna mshahara pale, wifi, si vitambaa."

Mama Midoli alimtazama mumewe. Kuanzia alfajiri hadi jioni. Hapo mtu hashoni hata kifungo cha shati lake mwenyewe. Na walikuwa wamelikata shauri hilo wawili, ndugu na ndugu, kama watu wanaopangana nani atachukua kabati la marehemu.

"Mmekubaliana," akasema.

"Tumeongea tu," akasema Karani.

"Mpaka mwisho wa mwezi."

"Tumeongea tu, mama."

Hapo ndipo Karani angeweza kusema. Punje ilikuwa katikati ya meno yake, ngumu kama changarawe, na alijua ilikotoka. Ilikuwa sentensi moja tu: nimechanganya, hizi ndizo zilikuwa za midoli. Mkewe angefoka, dada yake angecheka, na vifuko vingefumuliwa usiku uleule. Lakini dada yake alikuwa amemlea, na mpaka leo alimcheka kwa kuwahi kuvaa viatu kushoto kulia akiwa darasa la tano. Karani akaimeza ile punje nzima, akanywa maji.

"Zinalika," akasema.

*

Rafu ilishika siku tano. Midoli saba iliuzwa. Watu walisimama barabarani kuitazama ikiwa imekaa nyuma ya kioo, na Mama Midoli alizoea kuzungukia njia ile kwenda sokoni, ingawa ilikuwa ndefu zaidi, apite tu aione.

Kisha mvua ikanyesha siku mbili, dirisha la duka likavuja pembeni, na rafu ikaloa. Mwenye duka hakujua dirisha linavuja. Aliona kitambaa kimepata unyevu kidogo, akapuuza. Siku ya Jumatano ya wiki iliyofuata alimpigia simu Mama Midoli na kumwambia neno moja: "Njoo."

Dukani kulikuwa na wateja wanne, na mwenye duka hakumwambia apite ndani. Alimwacha amesimama mbele ya kaunta kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Juu ya kaunta palikuwa na gazeti, na juu ya gazeti palikuwa na mdoli umegeuzwa kifudifudi. Kwenye makalio yake ilitoka miche, myeupe, myembamba, yenye vichwa vya kijani, imetoboa kitambaa na kujikunja kutafuta mwanga.

"Hiki ni nini, mama?"

Mama Midoli aliinama juu ya gazeti, akauangalia mche mmoja kwa karibu.

"Nakuuliza wewe, maana uliyeutengeneza ni wewe. Kumi na moja imeota. Kumi na moja! Iliyobaki inanuka. Jana mteja wangu, mke wa daktari, karudisha wake umefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Ananiuliza, dada, unauza midoli au unauza mboga?"

Mteja mmoja akageuka kuficha kicheko. Mwingine hakujisumbua kukificha.

"Haiwezekani," akasema Mama Midoli. "Choroko zangu nazikaanga. Nazikaanga mwenyewe. Iliyokaangwa haioti hata uimwagilie mwaka mzima."

"Basi hizi zimeota bila ruhusa yako."

Mwenye duka akachukua mkasi, akachana kifuko cha mdoli mwingine, akamwaga kilichomo juu ya gazeti. Choroko zilianguka zimevimba, za kijani. Mama Midoli aliokota moja, akaipasua kwa ukucha, akainusa, kisha akaing'ata. Ilikuwa mbichi.

"Hizi si zangu," akasema.

"Za nani? Zangu? Mimi nauza chupa za maziwa."

Msichana wa duka akaleta gunia la taka jeusi, akaanza kuitupia midoli ndani, ya miche na isiyo ya miche, kwa ncha za vidole. Aliyepewa kazi ya kufuta rafu aliifuta kwa dawa ya choo. Mama Midoli alilichukua gunia lake akatoka nalo barabarani mchana kweupe, na kila aliyepita alidhani anakwenda kutupa taka, na jirani mmoja akamwelekeza jalala lilipo.

*

Nyumbani alifumua midoli yote. Binti alirudi kutoka shuleni akamkuta amekaa sakafuni katikati ya choroko.

"Nilizikaanga," alimwambia. "Jumapili asubuhi. Wewe ulikuwepo. Ulisema nyumba inanuka karanga."

"Jumapili hiyo, mama? Au ile nyingine?"

"Hiyohiyo!"

Binti akafikiri kwa uaminifu wote wa miaka kumi na mitatu. "Labda ulisahau, mama. Ulikuwa na mambo mengi. Hata chakula siku ile hakikuiva."

Hakuwa na ubaya wowote, na ndiyo maana ilimchoma. Karani aliingia jioni, akaona gunia, akaona miche, na rangi yake ikabadilika. Aliambiwa yote. Alisikiliza amesimama mlangoni na mkoba wake begani.

"Pole," akasema. "Pole sana. Labda ni mvua."

"Mvua haigeuzi iliyokaangwa kuwa mbichi, Karani."

"Hilo nalo kweli," akasema, na akaenda kuoga, akaoga muda mrefu sana.

Alhamisi Mama Midoli alirudi dukani. Alibeba vikombe viwili vya glasi, kila kimoja na pamba iliyolowa, kimoja kina choroko mbichi na kingine zilizokaangwa, ili mwenye duka aviweke siku mbili aone kwa macho yake. Mwenye duka alivitazama vikombe kama mtu aliyeletewa mkojo wa kupima.

"Mama, nina wateja."

"Ni siku mbili tu, dada. Uviweke hata chini ya kaunta."

"Sitaki kitu cha kuota dukani kwangu. Ungekuwa mkweli ukasema tu ulikuwa na haraka, tungeelewana. Watu wote tunakosea."

"Lakini sikukosea."

"Haya," akasema mwenye duka, kwa sauti ya kumaliza mazungumzo na mtoto.

Ijumaa alirudi tena, akaambiwa mwenye duka ametoka. Chini ya pazia la nyuma aliviona viatu vya mwenye duka.

Kilichomuumiza Mama Midoli si kufukuzwa. Alishafukuzwa na watu wa maana zaidi. Kilichomuumiza ni kwamba alianza kuihoji mikono yake. Alikaa jikoni akaipitia Jumapili ile hatua kwa hatua: jiko, kikaango, mwiko, sufuria, dirisha. Alijiona akigeuza choroko. Lakini je, alikuwa anaiona Jumapili hiyo au Jumapili nyingine? Amezikaanga mara ngapi maishani? Mtu anaweza kukumbuka kitu ambacho hakukifanya? Akaanza kurudi kukagua jiko kama amelizima, akahesabu vidonge vya presha vya mama yake alivyokuwa akimpelekea kila mwezi, akavihesabu tena. Chumvi aliionja mara tatu kabla ya kuiamini. Na Karani alimwona akifanya hivyo, kila siku, na kila siku alisema moyoni kesho.

*

Jumamosi asubuhi dada yake Karani alifika na aproni mbili mpya ndani ya mfuko. Hakuwa mtu mbaya. Alikaa mezani, akanywa chai, akasema mambo haya hutokea, jikoni kwake watampokea vizuri, na mwezi haujaisha lakini hakuna haja ya kusubiri kitu kilichokwisha kufa.

"Kazi ni kuchagua mchele na kukoroga," akasema. "Na nitakuwekea mtu wa kukukagua mwanzoni, usijali. Si kwa ubaya. Kwa sababu ya huku kusahau."

Binti aliinamisha kichwa. Karani alikuwa amekaa pembeni, anaipangusa kofia yake ya kazini ambayo haikuwa na vumbi.

Mama Midoli aliichukua aproni. Akaivaa juu ya gauni, akaifunga kamba nyuma, akaangalia kama inamtosha. Ilimtosha. Kisha akalivuta kopo lake la sindano, akampa binti yake.

"Chukua wewe," akasema. "Mimi kweli nasahau siku hizi. Naweza kuacha sindano mahali ikamchoma mtu."

Alisema hivyo bila uchungu wowote, kama anavyosema chumvi imekwisha. Angelia, Karani angevumilia. Angefoka, Karani angefurahi. Lakini kumwona mwanamke yule, aliyeweza kukuambia kila kifungo katika nyumba ile kimetoka kwenye shati gani, akikabidhi kopo lake kwa sababu amesadiki kuwa akili imemtoka, kulimshinda.

"Hukusahau," akasema.

Wote wakamtazama.

"Ulizikaanga. Zilikuwa dirishani. Mimi nilijaza za kwenye bakuli. Za dirishani ndizo tulizokula." Aliiweka kofia kwenye goti. "Nilizipika mimi. Ili bakuli lisionekane tupu."

Dada yake aliweka kikombe chini.

"Ulijua lini?" Mama Midoli akauliza.

"Nilijua…"

"Lini, Karani?"

"Siku ileile. Kabla hamjarudi kutoka kituoni."

"Kwa hiyo mezani, dada yako aliponiuliza kama nimezipika au nimezitisha, wewe ulijua."

"Nilijua."

"Na Jumatano, nimekaa hapo sakafuni."

"Nilijua."

"Na juzi? Nilipokuuliza, mume wangu, hivi mimi naanza kusahau kama bibi yangu, ukaniambia nipumzike?"

Karani akarudi kuipangusa kofia. Binti yao alianza kulia, na kilichomliza ni hali ya mama yake, na zaidi yale maneno yake mwenyewe ya Jumatano. Dada yake Karani, ambaye angeweza kusema mengi, akasema, "Wewe mtoto wewe!" na akashindwa kuendelea.

Mama Midoli alifungua kamba ya aproni. Aliikunja mara mbili, akairudisha ndani ya mfuko, akamwekea wifi yake miguuni. Alichukua kopo kutoka mikononi mwa binti yake, akalitia kwapani. Hasira ilikuwa imempanda mpaka masikio yalikuwa ya moto, lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine, kikubwa: akili yake ilikuwa yake. Mikono yake ilikuwa yake.

"Vaa viatu," akamwambia Karani. "Tunakwenda dukani."

"Sasa hivi?"

"Ulitaka mwezi ujao?"

*

Dukani kulikuwa na foleni, maana ilikuwa Jumamosi, na Mama Midoli akamsimamisha Karani kwenye foleni kama wateja wengine, nyuma ya mwanamke aliyebeba beseni la kuogeshea mtoto. Ilipofika zamu yao, mwenye duka alimwona, akashusha pumzi.

"Mama, tumeshaongea."

"Mimi sisemi kitu," akasema Mama Midoli. "Sema, Karani."

Karani alivua kofia. Akaeleza. Alieleza vizuri, kwa mpango, kama anavyomweleza msimamizi kwa nini lori limezidi uzito: bakuli mezani, sufuria dirishani, mpira kwenye televisheni. Mke wake alizikaanga kama kawaida yake. Kosa lilikuwa la mume. Aliomba radhi kwa hasara na kwa usumbufu.

Uso wa mwenye duka ulilainika palepale. Hata akacheka.

"Jamani! Kumbe ni baba na mpira wake! Basi kama baba mwenyewe amesema, yamekwisha. Wanaume nyinyi mtatuua." Akainama juu ya kaunta, akamgusa Karani mkono. "Na umefanya vizuri kuja mwenyewe. Wachache wanaoweza. Haya, rafu bado iko wazi. Mtaniletea lini mingine?"

Alimuuliza Karani.

"Wiki mbili?" Karani akasema, akimwangalia mkewe kwa furaha.

"Mimi nilikuja hapa mara tatu," akasema Mama Midoli.

"Eh?" mwenye duka akasema.

"Jumatano nilikuambia nimezikaanga. Alhamisi nikaja na vikombe. Jana nikaja, ukajificha nyuma ya pazia, viatu vyako vinaonekana. Nilikuambia maneno hayahaya aliyokuambia huyu. Ila mimi sikuwa na kofia ya kuvua."

Mwanamke wa beseni, aliyekuwa bado anasubiri chenji, akasema, "Mh!" Mwenye duka akapangapanga chupa ambazo zilikuwa zimepangika.

"Wiki tatu," akasema Mama Midoli. "Nitaleta mimi. Na rafu uihamishe upande wa pili, kabla hujanilaumu tena kwa mvua."

"Sawa, mama," akasema mwenye duka, kwa sauti ndogo.

Walitoka. Nje jua lilikuwa kali na barabara ilikuwa imejaa watu na mifuko yao. Karani alivaa kofia yake, akaisawazisha, akavuta hewa nyingi kifuani kama mtu aliyetua mzigo. Rangi yake ilikuwa imerudi. Alitembea hatua kumi hivi, kisha akashindwa kuizuia furaha yake.

"Umeona?" akasema. "Kumbe lilikuwa jambo dogo. Dakika tano! Ningejua ni rahisi hivi, ningesema siku ileile."

Mama Midoli akasimama.

Mbele ya duka la viatu palikuwa na benchi la mbao, la wateja kujaribia viatu. Alilitazama benchi. Alimtazama mume wake, ambaye bado alikuwa anatabasamu, akisubiri akubaliwe. Alikuwa na la kumjibu. Lilikuwa refu, lilikuwa na siku kumi na tatu ndani yake, na aliona wazi jinsi mambo yatakavyokwenda: yeye ndiye atakayelieleza, tena taratibu ili lieleweke, tena bila kupaza sauti ili asiambiwe ana hasira, na likishaeleweka watafika nyumbani na yeye ndiye atakayewasha jiko.

Akakaa kwenye benchi.

"Vipi?" Karani akauliza. "Umechoka?"

"Nenda nyumbani."

"Na wewe?"

"Nitakuja."

Karani aliangalia huku na huku, kama kuna mtu barabarani atakayemwambia afanye nini. "Sasa umekasirikia nini tena, mama, na mimi nimeshasema?" Alisubiri, akabadilisha mguu, akaitazama saa yake. "Na dada bado yuko pale. Na mtoto. Chakula cha mchana itakuwaje?"

Mama Midoli alinyoosha miguu yake mbele, akapandisha mguu mmoja juu ya mwingine, akaweka kopo la sindano kwenye mapaja. Mwenye duka la viatu alichungulia, akamuuliza anavaa namba ngapi. Akamwambia, na akavua kandambili zake ajaribishwe, ingawa hakuwa na nia ya kununua.

Karani alisimama pale kidogo zaidi. Kisha akaondoka peke yake kuelekea nyumbani, polepole, akigeuka nyuma kila hatua chache kuangalia kama anafuatwa.